Bodi ya Bi Rabab na Muhuri wa Mwanangu

Hili la leo nilitaka kuliruka. Wiki nzima nimekuwa nikimwambia mke wangu, Mwatum, kwamba nitaandika jengine, naye akanijibu, "Umeshawaeleza watu mambo ya pampu na ya mtihani. La mwanao ndio uone haya?" Basi nalileta, na haya zenyewe bado ninazo.

Walionifuata tangu mwanzo wananijua. Mimi ni Simai, fundi umeme, mtu wa Makunduchi niliyehamia mjini na bisibisi moja mfukoni. Mmeshasikia nilivyotimuliwa hotelini kwa pampu niliyoifunga kinyume. Mmeshasikia nilivyoshindwa mtihani wa kuhuisha leseni, mara ya kwanza na ya pili, nikawa kila nikiulizwa nasema leseni "iko njiani". Aliyechelewa kuja, hayo yanamtosha.

Ila ajue pia kwamba nina binti, Khairiya, wa miaka ishirini na nne. Alisoma umeme chuo cha amali, akaufanya mtihani ule ule ulionishinda mimi, akaupita mara moja. Ana leseni, ana muhuri wenye jina lake na namba yake, na alikuwa ameshapata kazi. Baada ya Idi aanze Mangapwani, kusimamia ufungaji wa umeme wa jua. Kazi yenyewe walimpa kwa ile leseni.

Nyumbani kwetu muhuri ule ulikuwa na heshima kuliko mimi. Nasema kweli, uliniuma.

Siku ya nne ya Ramadhani nikapigiwa simu na Qasim, mtoto wa Bi Rabab wa Malindi. Nyumba yao ninaijua vyema, nimeitia umeme tangu marehemu baba yake yuhai. Chini palikuwa ghala la karafuu la babu yao, na sasa Qasim amepafanya pahala pa gari. Na gari lenyewe, jamani, gari dogo jeupe la kutoka Japani lisilokunywa petroli hata tone.

"Linakula umeme tu, fundi," akaniambia. "Na chaja yake hii hapa. Inavuta ampea thalathini na mbili. Nimesoma kwamba kabla ya kuifunga lazima bodi ya nyumba ipimwe kama ina nafasi. Je, bodi yetu itahimili?"

Mtu mwenye akili zake angejibu, "Ngoja nipime." Lakini pale mlangoni alikuwepo jirani, Ratilal muuza vitambaa, na wapagazi wawili wa bandarini waliosimama kulitazama gari. Nami mbele za watu ulimi wangu haujui kukaa kinywani.

"Bodi hii?" Nikaipiga kofi pale ilipo, chini ya ngazi. "Bodi hii ukiifungia winchi ya bandarini, itanyanyua kontena!"

Wapagazi wakacheka. Ratilal akatikisa kichwa. "Simai akisema, basi kasema."

"Ila iko fomu," Qasim akaongeza. "Mkaguzi anataka vipimo vya mzigo wa nyumba, vimegongwa muhuri na fundi mwenye leseni."

"Hamna taabu," nikasema.

Nikapima siku ile ile. Nina klampu, kile kipimo kinachobana waya na kusoma umeme unaopita. Nikabana waya mkubwa unaoingia kwenye bodi. Ikasoma tisa. Nikatoa, nikabana tena. Tisa.

Breka kubwa ya nyumba ile ilikuwa ya ampea sitini. Tisa na thalathini na mbili ni arubaini na moja. Zinabaki kumi na tisa za bure! Nikarudi nyumbani natembea kifua mbele na saumu yangu.

Khairiya nilimkuta ukumbini anatengeneza feni ya jirani. Nikampa fomu. "Mwanangu, nigongee muhuri hapa."

Akaisoma. Khairiya kusoma kwake ni kwa pole pole, hata risiti ya mkate huisoma mpaka chini. "Baba, ulipima saa ngapi?"

"Saa saba, baada ya adhuhuri."

Akaiweka bisibisi chini. "Saa saba ya mchana wa Ramadhani?"

"Kwani umeme nao umefunga?"

"Umefunga, Baba. Jiko limezimwa, birika limekauka, Bi Rabab mwenyewe kalala na dirisha kafungua. Ulichopima ni friji na feni moja. Nenda kapime magharibi, oveni inawaka, viyoyozi vinanguruma, pampu inapandisha maji ya kutawadha. Na Qasim anarudi kazini saa hiyo hiyo, ndipo atakapolichomeka gari."

Alikuwa na haki. Nililijua hilo palepale, kabla hajamaliza kusema. Mtu asiyejua, ujinga wake humwombea msamaha. Mimi nilijua.

"Mimi nimefunga bodi kabla wewe hujaota meno," nikamwambia.

"Naam, Baba. Lakini muhuri wangu siupigi mpaka nikapime mwenyewe. Kesho magharibi nnakwenda."

Kesho magharibi! Afike pale na klampu yake mpya, mbele ya Ratilal, aonekane mtoto anamsahihisha baba. Nilipofikiria hayo hata daku halikunishuka.

Alfajiri, walipolala tena baada ya sala, nikaufungua mkoba wa Khairiya nyuma ya mlango. Muhuri ulikuwa ndani ya soksi safi, ameuviringa kama yai. Nikaugonga kwenye fomu. Nikaweka saini yake, ambayo naijua tangu alipoanza kuandika jina lake ukutani kwetu kwa mkaa.

Halafu nikafika kwenye pahala palipoandikwa "Saa ya kipimo". Nikafikiri. Nikaandika: 12:40 jioni.

Niliandika jibu alilonifundisha yeye, lakini kazi yenyewe sikuifanya. Na nilikuwa nimefunga. Ya Rabi, nilikuwa nimefunga.

Khairiya nikamwambia kwamba Qasim kaahirisha, gari lina hitilafu. Akaniamini. Fomu ikapelekwa, ikapita, chaja nikaifunga mwenyewe. Ilikaa ukutani inametameta taa ya kijani, na Qasim akanipiga picha nimesimama kando yake.

Siku ya kwanza, adhana ya magharibi haijamaliza, simu ikalia.

"Fundi, nyumba nzima giza."

"Pandisha breka."

"Nshapandisha. Imeshuka tena."

Nyuma yake nikamsikia Bi Rabab, "Mwambie na sambusa zangu zimo ndani ya oveni, mbichi upande mmoja!"

Nikaiweka tende chini, nikaenda. Qasim alikuwa ameshika tochi mbele ya chaja. Ni kijana mpole, hakunigombeza hata kidogo.

"Fundi, naona hapa pana sehemu ya kupunguza. Nikiiweka kumi, gari litajaa taratibu mpaka daku, na mama atapika. Tuipunguze?"

Dawa ilikuwa ile. Kidole kimoja tu, mambo yangeisha. Leo hii tusingekuwa na hadithi, na mwanangu angekuwa kazini kwake ametulia.

Lakini Ratilal alishachungulia mlangoni. "Vipi, fundi? Winchi nzito?"

"Usipunguze kitu," nikamwambia Qasim. "Breka hii imezeeka. Kesho nakubadilishia."

Kesho yake nikatoa ile ya sitini nikatia ya mia.

Kwa asiyejua umeme nitaeleza. Breka ni mlinzi wa waya. Akiona waya unabeba usichokiweza, hukata. Mimi sikupunguza mzigo, wala sikubadilisha waya. Nilimfukuza mlinzi mwenye macho nikamweka mwengine anayesinzia. Na waya ule naujua unene wake, maana niliuvuta mwenyewe miaka kumi na minane nyuma, nikaupitisha ndani ya mbao kavu chini ya ngazi.

Siku tano pakawa shwari. Giza halikurudi, sambusa zikaiva pande zote mbili. Qasim akanisifu kwa wenzake. Bi Rabab akaniita kwa simu yeye mwenyewe.

"Simai, Alkhamisi njoo ufuturu kwetu. Wanakuja wakwe wa Zahabiya kwa mara ya kwanza. Nataka wamjue na fundi wetu."

Zahabiya ndiye binti yake wa pekee, na posa yake ilikuwa haijatimia mwezi. Nikavaa kanzu ya Idi kabla ya Idi.

Nilikalishwa ukumbini juu, karibu na baba mkwe, mzee mmoja mpole mwenye kofia ya dhahabu. Viyoyozi viwili vilikuwa vinavuma. Jikoni oveni inawaka, jiko la sahani mbili linawaka, birika mbili zinachemka moja ya chai moja ya maziwa. Na mimi, bila kutaka, nikaanza kuhesabu kichwani. Kumi na mbili. Ishirini na tano. Arubaini na tatu. Hamsini.

Qasim alikuwa hajarudi. Nikaomba, Mungu anisamehe, achelewe.

Adhana ikatoka. Tukafungua kwa tende na maji. Nikasikia mlango wa ghala ukivutwa huko chini, gari likiingia bila mlio, kisha miguu yake ikipanda ngazi mbio. Alikuwa ameshalichomeka.

Hamsini na thalathini na mbili ni themanini na mbili.

Neno la kusema lilikuwa moja tu: "Qasim, kachomoe gari." Ulimi ule ule usiojua kukaa kinywani mbele za watu, siku ile ukakaa. Ningesema, baba mkwe angeuliza kwa nini. Nikachukua katlesi.

Baada ya dakika kama kumi hivi, baba mkwe akanusa. "Kama pana kitu kinaungua?"

"Ni ubani huo," nikasema mimi.

Bi Rabab alikuwa amebeba sinia ya futari ya jirani. Kila Alkhamisi ya Ramadhani humpelekea Bi Lilavati, mama yake Ratilal, na wao Baniani hawafungi, lakini sinia haijakosa kufika tangu wote wawili walipokuwa mabibi harusi. Alikuwa katikati ya ngazi taa zilipozimika.

Tukasikia sinia ikianguka, kisha tukamsikia yeye.

Nilipofika kichwani mwa ngazi, mbao za chini zilikuwa zinawaka mwanga wa manjano na moshi umepanda mpaka darini. Qasim alinipita akaruka ngazi tatu tatu, akachukua kizimamoto cha gari, akauzima moto peke yake. Ratilal akaingia mbio akambeba Bi Rabab mpaka nje. Wakwe wakashushwa kwa ngazi ya nyuma, mama mkwe hana kiatu kimoja.

Mimi nilisimama. Mwenye kujua umeme katika nyumba ile ni mimi, na nilisimama na katlesi mkononi.

Mkono wa Bi Rabab ulivunjika kifundoni.

Usiku ule sikumwambia mtu kitu. Nilimwambia Mwatum kwamba palitokea hitilafu. Khairiya akaniuliza, "Hitilafu gani, Baba?" Nikasema nimechoka.

Asubuhi nikaitwa Malindi. Alikuwepo mkaguzi, bwana mmoja aitwaye Abdulhakim, mwenye miwani na sauti ya chini. Qasim alikuwepo, na Ratilal mlangoni kama kawaida yake. Bi Rabab alikuwa kakalishwa kitini, mkono umefungwa bendeji nyeupe mpaka kiwiko.

"Shikamoo, Bi Rabab," nikasema huku natazama sakafu.

"Marahaba, Simai." Akanitazama. "Baba, jana hukufuturu vizuri. Nimekuwekea sahani, uichukue ukitoka."

Msomaji, nimeshatukanwa na meneja wa hoteli mbele ya wageni wake. Nimeshachekwa na wasimamizi wa mtihani. Hakuna lililonipiga kama sahani ile.

Abdulhakim alikuwa ameinama kwenye bodi, au kilichobaki. Akaitoa breka kwa koleo, nyeusi, akaifuta kwa kidole mpaka namba ikatokea. "Mia," akasema. "Kwenye waya wa sitini." Akaifungua bahasha yake, akatoa fomu. "Na hapa vipimo. Ampea tisa, saa kumi na mbili na dakika arubaini jioni. Mwezi wa Ramadhani."

Akamgeukia Bi Rabab. "Bibi, saa kumi na mbili na arubaini huwa mnafanya nini humu ndani?"

"Tunafuturu, mwanangu. Watu wote wanafuturu."

"Kwa ampea tisa?" Akakunja uso. "Birika moja tu hizo. Huyu fundi ama hakupima, ama kapima nyumba nyengine." Akausoma muhuri. "Khairiya Simai. Ni nani huyu?"

Hapo ndipo palipokuwa pahala pangu. Njia ilikuwa nyeupe. Neno "mimi" lina herufi nne tu.

"Ni binti yake fundi," akajibu Qasim kwa niaba yangu. "Lakini sikupata kumwona hapa."

"Basi na tumwone." Abdulhakim akabonyeza namba iliyopo chini ya muhuri. Simu ikaita. Nikasikia sauti ya mwanangu, ndogo, imetoka usingizini. Akaelezwa.

"Naam," akasema. "Nnakuja."

Alifika baada ya robo saa, buibui lake jeusi na mkoba wa vyombo begani. Akamwamkia Bi Rabab, akauona mkono, akapiga magoti akaushika kwa vidole viwili. Kisha akasimama akaiona bodi. Aliitazama kwa muda mrefu: breka, waya, mbao, chaja, taa yake ya kijani imezimika. Sikuwa na haja ya kumweleza chochote. Aliyasoma mpaka chini.

"Bi Khairiya," Abdulhakim akampa fomu, "muhuri huu ni wako?"

Akauangalia. Nikaona macho yake yakiteremka kwenye saini, kisha kwenye tarakimu. Tisa yangu na nne yangu anazijua, ndizo nilizomfundishia hesabu.

"Muhuri ni wangu," akasema.

"Nitasema wazi," Abdulhakim akaishusha sauti zaidi. "Mtu ameumia. Kama vipimo hivi ni vyako, leseni yako naichukua leo, na sidhani kama utaiona tena hivi karibuni. Kama si vyako, basi aliyeviandika ameghushi, na hilo halimalizwi na mimi, linamalizwa na polisi. Ulipima wewe?"

Ratilal alikuwa hacheki. Bi Rabab alinitazama mimi, hakumtazama Khairiya, na nikajua naye keshajua.

Mwanangu aliikunja fomu taratibu, mara mbili, kama anavyokunja nguo zangu za sala. Kisha akaja akasimama mbele yangu, karibu kiasi cha kuniona jasho. Hakuwa na hasira usoni, na laiti angekuwa nayo. Alinishikisha ile karatasi, akaniuliza kwa adabu ile ile aliyokuwa nayo tangu mdogo, mbele ya wote waliokuwepo:

"Baba, mimi nilipima saa ngapi?"